Mungu Angojaye Jibu: Neema na Hiari, kutoka Karthago hadi Nyegina

Jumapili ya Nne ya Majilio, Mwaka B



Katika Injili ya leo malaika Gabrieli anatumwa Nazareti kwa msichana aliyeposwa. Anamsalimu kwa jina linaloonyesha kwamba neema imekwisha kumjaa kabla yeye hajatenda jambo lolote la kusimuliwa. Anampasha habari, anamwondolea hofu, anamjibu swali lake. Kisha malaika ananyamaza. Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux aliyefariki mwaka 1153, alikihubiri kimya hicho, akionyesha jinsi Adamu na kizazi chake chote, pamoja na Abrahamu na Daudi, walivyokuwa wakingoja midomo ya Maria ifunguke. Mwenyezi Mungu hakumwuliza mtu alipoumba mbingu na nchi. Hapa anangoja neno la binti wa kijijini, na neno hilo lingeweza kuwa la kukataa.

Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo makatekista wetu hulikuta vigangoni kila mwaka, nalo huja kwa maswali ya aina mbili. Wengine huuliza: ikiwa wokovu ni kazi ya neema, mimi nahangaika kwa ajili ya nini? Wengine huuliza kinyume chake: ikiwa lazima nijitahidi, basi neema ni kitu gani zaidi ya kunipongeza mwishoni? Leo sitalijibu jambo hili kwa fasili za katekisimu, ambazo mnazo. Nitalijibu kwa historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kwetu Mara. Lakini inaanzia mbali kidogo, katika Afrika ya Kaskazini, na nawaomba mvumilie safari.

Mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwapo Roma mtawa mmoja mwenye asili ya Britania, jina lake Pelagio. Hakuwa mtu mbaya. Alikerwa na Wakristo wa mjini waliojificha nyuma ya udhaifu wao na kusema kwamba ndivyo walivyo, wafanyeje. Akafundisha kwamba Mungu alikwisha kumpa mwanadamu akili, utashi, sheria na mfano wa Kristo. Kilichobaki ni mtu mwenyewe kuamua na kujikaza. Mafundisho hayo ni matamu masikioni mwa mtu mwenye bidii. Hata leo, nikimsikia mzee wa kanisa akijipiga kifua kwamba hajakosa Misa kwa miaka 30 kwa nguvu zake mwenyewe, najua kwamba Pelagio bado ana wajukuu katika Kanda ya Ziwa.

Aliyempinga ni Augustino, Askofu wa Hippo. Augustino alikuwa amepigana na adui asiyefahamika kwa Pelagio, yaani utashi wake mwenyewe. Kwa miaka mingi alitaka kuongoka na papo hapo hakutaka. Aliomba usafi wa moyo, lakini akatamani usije upesi. Mama yake Monika alimfuata kwa machozi na sala. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, mjini Milano, alibatizwa na Askofu Ambrosi, akiwa na umri wa miaka 32. Kwa hiyo Pelagio alipoleta hoja zake, Augustino alimjibu kama mtu aliyelazwa kwa malaria anavyomjibu yule anayebisha kwamba ugonjwa huo haupo. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagio. Mwaka 529 mtaguso uliofanyika Orange, kusini mwa Ufaransa, ulisema wazi zaidi: hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kutaka kuamini, ni zawadi ya Mungu.

Hata hivyo Kanisa halikuegemea upande huo hadi likaanguka. Augustino mwenyewe aliwahubiria watu wake kwamba Mungu hakuhitaji ridhaa yetu ili atuumbe, bali ameitaka ridhaa yetu ili atuokoe. Na Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya tarehe 13 Januari 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulikataa kwa nguvu ileile mafundisho mawili: kwamba mtu aweza kujiokoa kwa matendo yake bila neema, na kwamba utashi ukiguswa na Mungu hulala tu kama kitu kisicho na uhai. Unaguswa, unaamshwa, nao unaweza kukubali au kukataa. Jinsi hasa mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja, wanateolojia wa Kidominikani na wa Kijesuiti walibishana mbele ya Mapapa huko Roma tangu 1598 hadi 1607. Papa Paulo V aliwaruhusu wote waendelee na maelezo yao, ila wasiitane wazushi. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa uamuzi wa busara sana uliopata kutolewa Roma. Kuna mambo ambayo Kanisa huyalinda bila kudai kwamba limeyamaliza.

Sasa tushuke kuja nyumbani, na njia ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Hippo ya Augustino ni mji uitwao siku hizi Annaba, katika nchi ya Algeria. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1868, Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1884 Lavigerie alifanywa pia Askofu Mkuu wa Karthago. Ndiyo kusema kwamba mapadre waliofika Bukumbi, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1883, na wenzao waliofungua misioni ya Nyegina karibu na Musoma mwaka 1911, walikuwa wana wa kiti kilekile ambako fundisho la neema lilitetewa miaka 1,500 kabla yao.

Lavigerie aliwawekea wanawe sheria iliyowachosha baadhi yao: mtu mzima asibatizwe kabla ya kutimiza miaka minne ya maandalizi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuzuia Wakristo wa jina tu, na ni sababu ya kweli. Mimi huona ndani yake jambo jingine. Miaka minne inampa mtu nafasi ya kuondoka. Anayetaka kuandikisha majina mengi katika kitabu cha ubatizo hawezi kuipenda sheria kama hiyo, kwa maana kila mwezi unaopita ni mlango ulioachwa wazi nyuma ya mkatekumeni. Wamisionari wa kwanza wa Nyegina walikuwa na makosa yao, kama kila kizazi cha wahubiri, lakini mlango huo waliuacha wazi, na makatekista wa Kiafrika waliofundisha chini ya miti na katika vibanda vya nyasi ndio walioubeba mzigo wa kungoja.

Katika mazingira hayo, mwaka 1934, mtoto mmoja wa miaka 12 aliletwa kutoka Butiama kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma. Alikuwa mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Aliitwa Kambarage, jina la roho wa mvua katika imani ya Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Baba yake alikuwa na wake 22. Hakuna mtu katika boma lile aliyekuwa amepanga kumfanya mtoto huyo kuwa Mkatoliki. Na aliyemvuta kwenye mafundisho ya dini hakuwa padre, wala hakuwa katekista. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, Mang'ombe Marwa, aliyemshauri waende pamoja kusikiliza. Ndugu zangu makatekista, litazameni jambo hili kwa makini. Huenda mkafundisha miaka 20, mkaandaa masomo vizuri na picha za kuonyesha, na neema ikaingia kwa kupitia kijana wa dawati la pili aliyesema tu: twende.

Hakubatizwa upesi. Mwaka 1937 alikwenda shule ya Tabora, akakaa huko miaka sita bila kuwa Mkristo aliyebatizwa. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka 1943 aliingia Makerere, na alipokuwa nyumbani kwa likizo, siku ya Alhamisi tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa Nyegina na Padre Mathias Koenen, akapewa jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu mafundisho ya kwanza ya Mwisenge hadi maji ya Nyegina ilipita miaka isiyopungua saba. Mama yake, Mgaya, naye alibatizwa baadaye, akaitwa Christina. Mtoto alimtangulia mama mlangoni.

Nani basi aliyeifanya kazi hiyo? Tukisema ni Kambarage mwenyewe, tunamsahau Mang'ombe, tunawasahau mapadre na makatekista waliokaa Nyegina tangu 1911, tunamsahau hata Mtemi Burito aliyekubali kumpeleka mwanawe shule. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokichagua yule mtoto, vyote vilimkuta. Tukisema ni Mungu peke yake, tunaisahau miaka saba, na tunalisahau swali ambalo mkatekumeni huulizwa kanisani, ambalo kwa mtu mzima hakuna msimamizi awezaye kulijibu badala yake. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 865, inadai kwamba mtu mzima awe amedhihirisha nia yake mwenyewe ya kupokea ubatizo. Bila hiyo, padre hana ruhusa ya kumimina maji.

Makerere haiko mbali na Namugongo, na vijana Wakatoliki waliosoma pale waliijua habari ya Karoli Lwanga na wenzake. Usiku wa kuamkia hukumu yao, mwezi Mei 1886, Lwanga aliwabatiza baadhi ya vijana wa ikulu waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito. Hukumu ilipotolewa, njia ya kupona ilikuwa kuacha kusali. Wakaenda motoni tarehe 3 Juni. Hatuwezi kusema kwamba neema iliwaondolea hiari, kwa maana hawakuwa na kitu kingine kilichobaki mikononi mwao ila hiari.

Hapa waamini wengi wa Musoma hukumbushwa na majirani zao swali ambalo si la kukwepa. Mwaka uleule wa 1934 ambao Kambarage alianza shule, wamisionari wa Kimenno kutoka Marekani walifika Shirati, na baadaye kidogo wakajenga Bukiroba, jirani na mji wetu. Wanachukua jina lao kwa Menno Simons, aliyekuwa padre Mkatoliki hadi mwaka 1536. Wao husema: kama hiari ni lazima, kwa nini ninyi mnabatiza watoto wachanga? Wahenga wao walizamishwa majini na kuchomwa moto huko Ulaya kwa ajili ya swali hilo, na walioua walikuwa watawala Wakatoliki pamoja na Waprotestanti. Si haki kulijibu kwa dharau. Jibu letu ni kwamba mtoto mchanga anatuonyesha sura moja ya fumbo na mtu mzima anatuonyesha nyingine. Katika mtoto tunaona kwamba Mungu hutangulia, hatungoji tustahili. Katika mtu mzima tunaona kwamba Mungu hungoja. Ndiyo maana mtoto aliyebatizwa bado atapaswa siku moja kusema ndiyo yake mwenyewe, na mzazi anayedhani kwamba cheti cha ubatizo kimemaliza kazi amekosea sana. Na Wamenno nao, wanaoshika sana uamuzi wa mtu, walitembelewa na uamsho mwaka 1942. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wao nchini Tanzania, alikuwa miongoni mwa walioguswa. Watu walilia, wakaungama, wakakiri kwamba si bidii yao iliyowaokoa bali damu ya Yesu. Kwa hiyo majirani wawili walisafiri kwa njia mbili na kukutana mahali pamoja bila kupangiana.

Niseme neno juu ya lugha yetu. Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Neno neema, kabla halijaingia katekisimu, lilikuwa na maana ya riziki na shibe, na mpaka leo mkulima husema mwaka wa neema akimaanisha mwaka wa mvua nzuri na ghala lililojaa. Hapa Mara jambo hilo linaeleweka upesi. Waikizu wa Bunda husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyefika na elimu ya mvua, na utemi wao ulifungamana na mvua hiyo. Basi ni rahisi katekista kufundisha kwamba neema ni mvua na hiari ni jembe: Mungu analeta maji, sisi tunalima. Mfano huo si mbaya kwa kuanzia. Lakini una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba mvua ya zamani iliombwa kwa zawadi, na wapo Wakristo wanaoleta sadaka kwa roho ileile, wakidhani bahasha nene huharakisha mawingu. Neema hainunuliwi kwa mbuzi wala kwa noti. Ikinunuliwa haiitwi tena neema. Hatari ya pili ni ya ndani zaidi. Mvua na jembe ni vitu viwili vinavyogawana kazi, nusu hii na nusu ile. Neema haigawani kazi nasi namna hiyo. Neema imo hata ndani ya mkono ulioshika jembe, na mkono ni wangu kabisa. Mtume Paulo anawaandikia Wafilipi, katika sura ya 2, wautimize wokovu wao kwa hofu, na papo hapo anawapa sababu: kwamba ni Mungu atendaye ndani yao hata kutaka kwao.

Lipo neno la pili, hiari, nalo limekaa katika methali ambayo kila mtoto wa pwani na wa bara anaijua: hiari yashinda utumwa. Methali hiyo inanipeleka kwenye sehemu ya historia yetu ambayo ningeweza kuiruka kwa kuwa leo ni Majilio na watu wanajiandaa kwa Noeli. Sitairuka.

Kijana yule aliyebatizwa Nyegina, mnamjua nyote alivyoendelea. Mwaka 1955, alipoacha ualimu wa Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi nyumbani, akamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa shirika la Maryknoll. Mwaka 1961 aliongoza nchi kupata uhuru. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, alisisitiza kwamba watu waingie katika vijiji kwa kuelewa na kukubali wenyewe. Mwaka 1968, katika andiko lake juu ya uhuru na maendeleo, alieleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe kwa maamuzi na matendo yao. Hayo ni maneno ya mtu aliyeijua njia ya Nyegina. Lakini mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 operesheni ilifika mkoani Mara, mkoa wake mwenyewe. Watu walihamishwa kutoka kwenye migomba, mihogo na makaburi ya wazee wao. Mahali pengi nchini nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwapo, au mmesimuliwa na bibi zenu.

Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba, watu wasiishi kama waliotawanyika porini. Vingi kati ya hivyo vilikuja, na wapo wanaosoma leo kwa sababu hiyo. Sipuuzi hilo. Lakini ninyi mnaofundisha imani lazima muone mahali tofauti ilipo. Mungu alikuwa na jambo jema kuliko zahanati la kumpa Maria, na hakutuma askari. Alituma mjumbe, na mjumbe akangoja.

Wala msidhani kwamba kosa hilo ni la wanasiasa peke yao. Augustino, yuleyule mwalimu wa neema, alikuwa na mgogoro mrefu na Wadonatisti, Wakristo waliojitenga na Kanisa Katoliki la Afrika. Mwanzoni alikataa watu wasilazimishwe kurudi. Alitaka hoja na mjadala. Baadaye, mnamo mwaka 408, alimwandikia mmoja wao, Vinsenti, akieleza kwamba amebadili mawazo: aliona miji iliyorudi kwa kuogopa sheria za Kaisari, na wengine wakashukuru baadaye. Akaufafanua mfano wa karamu katika Injili ya Luka, sura ya 14, pale bwana anapoagiza watu wa njiani walazimishwe kuingia, kana kwamba unahalalisha nguvu ya dola. Kwa karne nyingi watesaji walilitumia fafanuzi hilo. Mtu aliyeandika kuliko wote juu ya uvumilivu wa Mungu kwake mwenyewe, Mungu aliyemngoja hadi miaka 32, hakuwa tayari kumngoja jirani yake. Kanisa limeufunga mjadala huo. Tarehe 7 Desemba 1965 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao juu ya uhuru wa dini, walifundisha kwamba tendo la imani kwa asili yake ni tendo la hiari, na mtu asishurutishwe na yeyote.

Mimi naona watu hao wawili, askofu wa Hippo na mwana wa Butiama, walijaribiwa mahali pamoja. Mtu aliyepokea mema kwa hiari, akaonja utamu wake, hupata haraka ya ajabu ya kuwapa wengine. Anaona wanavyopoteza muda. Anajua mwisho wa njia ni mzuri. Basi anawasukuma. Baba wa familia hufanya hivyo nyumbani kwa fimbo ya Rozari. Katekista hufanya hivyo anapomtisha mkatekumeni anayesitasita kwamba akikosa ubatizo wa Pasaka hii jina lake litafutwa. Paroko hufanya hivyo anapozuia mazishi ili kuwatisha wasiolipa zaka. Wote wana nia njema.

Nimeyasema haya nikijua kwamba mwaka 2005 Jimbo la Musoma, chini ya Askofu Justin Samba, lilifungua kesi ya kumtangaza Julius Nyerere kuwa Mwenye Heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wengi wenu mnaisali sala ya kuomba jambo hilo, huku Musoma, Butiama na ng'ambo ya pili katika Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010. Nami naisali. Watu wengine wameniuliza kama mtu anaweza kuisali sala hiyo akiwa na kumbukumbu ya nyumba iliyobomolewa. Anaweza, tena anatakiwa aende na kumbukumbu yake mbele ya tume. Sheria ya Kanisa inataka wasikilizwe hata mashahidi wenye maneno ya kupinga. Asiyewasikiliza hajengi kesi, anatunga sifa. Bibi aliyehamishwa kwa nguvu mwaka 1974 akisema ukweli wake bila chuki, hamzuii mtakatifu. Anasaidia ijulikane kama yupo. Watakatifu hawakuwa watu wasioanguka. Augustino yumo katika kalenda yetu tarehe 28 Agosti, pamoja na barua yake kwa Vinsenti.

Tena mwone jinsi kesi yenyewe ilivyopangwa. Sehemu ya kwanza huchunguza fadhila: imani, matumaini na mapendo, kisha busara, haki, nguvu na kiasi. Hapo hukusanywa barua, hotuba, ushahidi wa waliomhudumia, habari za Misa alizohudhuria siku za kazi, habari za mali aliyoacha. Huko ni kuchunguza jinsi mtu alivyoitumia hiari yake akisaidiwa na neema. Lakini hata fadhila hizo zikithibitishwa, asiyekuwa shahidi wa damu hatangazwi Mwenye Heri mpaka upatikane muujiza kwa maombezi yake. Sehemu hiyo ya pili haimo katika uwezo wa tume, wala wa jimbo, wala wa serikali yoyote hata ikitaka sana.

Kila tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji kutoka Tanzania hukusanyika Namugongo kumwombea Mtumishi huyo wa Mungu. Wanatoka Musoma kwa mabasi, wanapita Bunda, Mwanza na Bukoba, wanavuka mpaka Mutukula. Wengine ni wazee ambao miguu haiwachukui tena vizuri. Karatasi zimekwisha kuandikwa nyingi. Muujiza hauandikwi, unaombwa, na wao wanaendelea kuuomba.

Tumsifu Yesu Kristo.